Masafa Yakipungua, Minara Huongezeka

Mwaka 1976 jiji la New York lilikuwa na watu zaidi ya milioni 7, lakini wateja wa simu za kwenye gari wa kampuni ya Bell hawakufika 550. Wengine wapatao 3,700 walikuwa kwenye orodha ya kusubiri. Pesa walikuwa nazo, na vifaa vya kuwafungia vilikuwepo. Kilichokosekana ni nafasi hewani: jiji zima lilikuwa na chaneli 12, na kila chaneli ilibeba mazungumzo mamoja. Simu 12 zikishikwa, mtu wa 13 anasubiri.

Uhaba huo ulizidishwa na namna mtandao wenyewe ulivyojengwa. Antena ilipandishwa juu kabisa na kusukumwa kwa nguvu kubwa ili sauti ifike hadi pembezoni mwa jiji. Hivyo mtu mmoja aliyekuwa akizungumza karibu na bandari aliifunga chaneli yake kwa kilomita nyingi kila upande, hata katika vitongoji ambako hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Dawa yake ilikuwa imeandikwa miaka 29 kabla. Desemba 1947, D. H. Ring, mhandisi wa Bell Labs, alipendekeza jambo lililokwenda kinyume na mazoea ya mafundi wa redio: badala ya kuongeza nguvu, ipunguze. Ligawe jiji katika maeneo madogo, kila eneo na antena yake ya nguvu ndogo, kisha masafa yaliyotumika hapa yatumike tena kule, mbali kidogo. Eneo moja la namna hiyo ndilo linaloitwa seli. Mitaani kwetu jambo hili tunalijua kwa harusi. Spika mbili zikifungwa nyumba za jirani, hakuna anayeisikia taarabu yake. Lakini jijini Dar es Salaam harusi ya Magomeni na ya Mbagala zinaweza kupiga wimbo uleule usiku uleule zisijuane.

Kwa nini basi ilichukua miaka mingi hivyo? Kwanza, mtu akiwa ndani ya gari hakai kwenye seli moja. Lazima minara ipokezane mazungumzo yake bila kuyakata, na kazi hiyo ilihitaji mitambo ya kielektroniki ambayo mwaka 1947 haikuwepo. Hataza ya Amos Joel ya namna ya kupokezana ilitolewa 1972. Pili, serikali ya Marekani ilichelewa sana kutoa masafa ya kutosha. Tokyo iliwatangulia mwaka 1979. Chicago ilifungua mtandao wake tarehe 13 Oktoba 1983, na simu ya mkononi ya kwanza kuuzwa, ile ya Motorola, ilikuwa na bei ya dola 3,995.

Kwa nini saba

Kila kampuni ya mtandao huo wa kwanza wa Marekani ilipewa chaneli 333. Zikiondolewa 21 za kuongozea mitambo, zilibaki 312 za maongezi. Chaneli hizo ziligawanywa katika mafungu saba, na kila seli ikapata fungu moja, yaani chaneli 44 au 45. Ukiishia hapo utaona hasara tupu, maana mnara uliokuwa na uwezo wa kubeba 312 sasa unabeba 45. Faida inakuja pale mafungu yanaporudiwa. Jiji likiwa na seli 70, kila fungu linatumika mara kumi, na mazungumzo yanayoweza kufanyika kwa mpigo mmoja ni 3,120. Punguza nusu kipenyo cha kila seli kwa nusu: eneo la seli linakuwa robo, seli zinakuwa 280, mazungumzo 12,480. Hewa ni ileile, na hakuna aliyenunua masafa mapya. Kilichonunuliwa ni minara 210.

Hapo ndipo penye kiini cha biashara yote ya simu, na ndilo ninalotaka msomaji alishike: masafa na minara ni sarafu mbili za kulipia deni moja. Mwenye kidogo cha kwanza atalipa kwa cha pili.

Na saba yenyewe? Wahandisi huchora seli kama pembe sita kwa sababu pembe sita hujaza ramani bila kuacha pengo, ingawa seli halisi, yenye vilima na maghorofa ndani yake, haina umbo lolote unaloweza kulitaja. Katika mchoro huo, mafungu yanayopangika vizuri ni 3, 4, 7, 9, 12 na kuendelea. Ukitumia saba, mnara wa karibu zaidi wenye masafa kama yako uko mbali mara 4.6 ya nusu kipenyo cha seli. Nguvu ya mawimbi mjini hupungua haraka sana. Kwa kukadiria, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inabaki moja ya kumi na sita. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyesimama ukingoni mwa seli yake anapata nguvu ya mnara wake mara 73 ya makelele ya minara sita ya karibu yenye masafa yaleyale ikijumlishwa pamoja. Ukitumia manne, ni mara 24. Ukitumia matatu, mara 13 na nusu. Simu za wakati ule zilihitaji kama mara 63 ili sauti isikike safi. Saba ndiyo idadi ndogo kuliko zote iliyovuka kiwango hicho.

Zilipokuja simu za kidijitali za GSM, ambazo mtandao wake wa kwanza ulifunguliwa Finland tarehe 1 Julai 1991, kiwango kilishuka hadi kama mara 8, kwa kuwa namba huvumilia makelele kuliko sauti ya kawaida. Mafungu yakapungua kutoka saba hadi manne. Chaneli zilezile sasa zinarudiwa karibu mara mbili zaidi.

GSM ilikuja pia na mpaka wake wa ajabu. Kila simu huambiwa na mnara itangulize mawimbi yake kwa muda fulani ili yafike kwa zamu, na hatua za kutanguliza ni 63, kila moja ikiwa sawa na takriban mita 550. Ukizidisha unapata kilomita 35. Mvuvi aliye kilomita 40 nje ya pwani, bahari shwari, hakuna mlima wala jengo, anaweza kuwa anapata mawimbi ya kutosha na simu isikubali. Ipo njia ya kuusogeza mpaka huo, ila inakula nafasi mbili kwa kila mpigaji mmoja.

Hasara ya kugawana

Hadi hapa tumeihesabu hewa kana kwamba ina mwenyewe mmoja. Kwetu Tanzania sivyo. Masafa asilia ya GSM yana vipande 124, na kila kipande kina nafasi nane za maongezi. Kampuni nne zikigawana sawasawa, kila moja inapata vipande 31. Sasa kampuni ipange mafungu manne, na kila mnara uwe na antena tatu zinazotazama pande tatu, kama zile unazoziona barabarani: 31 kwa 12 ni viwili na ushee. Upande mmoja wa mnara, basi, una vipande viwili, nafasi 16, na mbili kati yake ni za kuongozea mitambo. Zinabaki 14.

Nafasi 14 zinatosha watu wangapi? Swali hili lilijibiwa mwaka 1917 na Mdenmarki aitwaye Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya simu ya Copenhagen. Kama unataka simu zisizozidi 2 katika kila 100 zigonge mwamba, nafasi 14 zinabeba kwa wastani mazungumzo 8.2 tu, kwa sababu watu hawapigi kwa mpangilio. Hujazana dakika hii na kuacha pengo dakika ijayo. Mteja akiongea dakika moja na nusu ndani ya saa yenye msongamano, upande huo wa mnara unawatosha wateja 328, na mnara mzima kama 980.

Sasa ziunganishe kampuni mbili. Nafasi zinakuwa 28, na kanuni ya Erlang inatoa mazungumzo 20.2. Mbili zikiwa mbalimbali zilibeba 16.4. Nyongeza ya asilimia 23 imetoka wapi? Haikutoka kokote, ilikuwa imelala katika nafasi zilizokuwa tupu kwa kampuni moja wakati wateja wa kampuni nyingine wanaambiwa namba haipatikani. Ushindani unashusha bei, na sitetei kampuni moja kutawala. Lakini kila mara serikali inapoimega hewa ili kuleta kampuni ya nne au ya tano, kuna uwezo unaopotea katika kumega kwenyewe, na fidia yake ni minara.

Mitandao ya 3G na 4G iliachana na mafungu. Kila seli inatumia masafa yote ya kampuni, na jirani yake pia. Kinachorudiwa kwa mpango sasa ni namba za utambulisho wa seli, ambazo katika 4G ni 504, ili simu ijue inamsikiliza nani. Gharama haikufutika; imehamia ukingoni. Aliye chini ya mnara anapata kasi ya kujivunia, na aliye katikati ya minara miwili anapata nguvu zinazolingana kutoka pande zote mbili, hivyo kila taarifa lazima itumwe polepole na kwa kurudiarudia. Alama za mtandao kwenye simu yake zimejaa na video inazunguka tu. Wengi huilaumu simu.

Chukua hesabu ya uwanjani. Kampuni yenye megahezi 20 za kushushia data, kwa wastani wa hali halisi, hupata kama megabiti 30 kwa sekunde kwa kila upande wa mnara, yaani 90 kwa mnara mzima. Video ya kawaida inataka 2. Kwa hiyo mnara mmoja unawatosha watazamaji 45. Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000, na siku ya Simba na Yanga hakuna kiti kinachobaki. Tuseme mmoja katika kila kumi anarusha au anatazama video: watu 6,000, megabiti 12,000 kwa sekunde, minara 133. Huwezi kuuzungushia uwanja minara 133, na hata ukiizungusha itabanana yenyewe kwa yenyewe. Kinachofanyika ni kufunga antena nyingi zenye boriti nyembamba, kila moja ikitazama safu zake za viti, na kuongeza masafa ya juu ambayo hayafiki mbali. Uwanjani, kutofika mbali ni sifa njema.

Bei ya hewa na bei ya chuma

Hewa hii inauzwa kwa bei gani? Mwaka 2022 kampuni ya Airtel Africa ilinunua masafa katika nchi tatu ambako Kiswahili kinazungumzwa, na kwa kuwa mnunuzi ni mmoja na mwaka ni mmoja, tunaweza kulinganisha. Nchini Kenya ililipa dola milioni 40 kwa megahezi 60. Nchini Tanzania, katika mnada wa Oktoba, ililipa milioni 60.1 kwa megahezi 140. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ililipa milioni 42 kwa megahezi 58. Megahezi moja, basi, ilikuwa dola 667,000 Kenya, 429,000 Tanzania na 724,000 Kongo. Tofauti hiyo haitokani na ukarimu. Tanzania iliuza masafa ya megahezi 2600 na 3500, yaliyo juu na yanayofika karibu, wakati ndani ya kapu la Kongo yalikuwemo ya 900, yanayosafiri mbali na kupenya kuta.

Urefu wa safari ni pesa. Kwa antena za namna moja, wimbi la 3500 hufika likiwa na nguvu moja ya ishirini na tano ya wimbi la 700. Ukiigeuza tofauti hiyo kuwa eneo, mnara wa 700 unafunika kama mara tano ya mnara wa 3500. Ndiyo maana masafa ya chini hugombewa hata yakiwa machache.

Gawanya bei hizo kwa idadi ya watu. Tanzania, kwa sensa ya 2022 yenye watu 61,741,120, megahezi moja kwa mtu mmoja iligharimu senti 0.7 ya dola. Kenya, kwa sensa ya 2019, senti 1.4. (Kongo tuiache; sensa yake ya mwisho ni ya 1984.) Kisha tazama Uingereza, Aprili 2000, wakati wa homa ya 3G: kampuni tano zililipa pauni bilioni 22.5 kwa megahezi 140, idadi ileile ambayo Airtel ilichukua Tanzania. Hiyo ni zaidi ya dola 4 kwa megahezi kwa kila mtu, mara mia sita ya bei yetu. Waliolipa bei ile walijuta kwa miaka.

Sasa chuma. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba ya minara 758 katika kata 713 za Tanzania: Tigo, ambayo sasa ni Yas, minara 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Ruzuku ya serikali ilikuwa shilingi bilioni 126, yaani wastani wa milioni 166 kwa mnara. Hiyo ni ruzuku tu, kampuni zinaongeza za kwao, kwa hiyo tuichukue kuwa kiwango cha chini.

Tuirudishe hesabu hiyo Dar es Salaam. Jiji lina kilomita za mraba 1,393. Kwa seli zenye nusu kipenyo cha kilomita moja, kampuni inahitaji kama minara 536. Tuseme matumizi ya data yameongezeka mara mbili na mtandao wenye megahezi 20 umejaa. Njia ya kwanza ni kuongeza minara mingine 536: kwa kiwango chetu cha chini, shilingi bilioni 89, karibu dola milioni 38 kwa bei ya fedha ya mwaka ule. Njia ya pili ni kununua megahezi 20 nyingine: kwa wastani wa mnada wa Tanzania, dola milioni 8.6, na zinatumika nchi nzima. Kuna mitambo ya kufunga kwenye kila mnara, na masafa ya juu hayatafika kila chumba ambacho ya zamani yalifika. Hata hivyo pengo ni kubwa. Mjini, hewa iliuzwa rahisi, na mhasibu yeyote angeshauri inunuliwe.

Mkoani mambo hugeuka. Dar es Salaam ina watu 5,383,728, takriban 3,865 kwa kila kilomita ya mraba. Mkoa wa Lindi una watu 1,194,028 katika kilomita za mraba zipatazo 66,000: watu 18. Simika mnara wenye seli ya nusu kipenyo cha kilomita 10. Dar utafunika watu milioni moja, Lindi 4,700, na hao 4,700 ni wa wastani wa karatasini, maana sehemu kubwa ya mkoa ni pori la hifadhi na tembo hawanunui bando. Megahezi 140 kule Liwale, wilaya ya mkoa huo wa Lindi, hazina kazi. Kampuni ikiwasha 20, zilizobaki zinalala, zimelipiwa kwa bei ya nchi nzima na zimefungwa ili mwingine asizitumie. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa la leseni za nchi nzima: zinachukulia kwamba hewa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na hewa ya Liwale ni bidhaa moja, wakati ya kwanza ni adimu na ya pili haina mnunuzi hata bure. Kinachokosekana Liwale ni mnara.

Na mnara wa pili ndio hatari. Tuseme kati ya watu wale 4,700 kuna laini 2,400 zinazofanya kazi, na kila laini inatumia shilingi 3,000 kwa mwezi. Mapato ni milioni 7.2. Mnara mmoja unarudisha ile milioni 166 kwa miezi 23, kabla ya gharama za kuuendesha. Akija mshindani na kusimika wa kwake mita 200 pembeni, kila mmoja anabaki na milioni 3.6, na miezi inakuwa 46. Lakini kampuni hizo mbili zikitundika mitambo kwenye mnara mmoja na kuyaunganisha masafa yao, zinapata ile nyongeza ya Erlang ya asilimia 23 bila kununua kitu, na mteja hahitaji tena simu ya laini mbili ili apatikane akiwa shambani. Ruzuku ya mnara wa pili, milioni 166, inakwenda kwenye kata ambayo bado haina hata mmoja.